Benta na Mlango wa Tume

Ukitaka kumuudhi Benta, mwambie githeri yake ya mahindi na maharagwe imepungua chumvi. Ndiye aliyekuwa mpishi wa shule moja ya msingi karibu na Pap Onditi, huko Nyakach, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko cha karibu. Watoto walimpenda kwa sababu aliwagombeza wote sawasawa, kisha akawaongezea chakula.

Mumewe, Ouma, akafariki. Desturi ya kwao inataka mjane arithiwe na shemeji au mtu mwingine wa ukoo, na kabla ya hapo asiingie katika nyumba ya mtu, asije akaiachia mkosi. Wazee wa ukoo wakamletea shemeji, tena amevaa koti. Benta akamtazama juu hadi chini.

"Ouma alinitosha," akawaambia wazee. "Na huyu mnaniletea, nguo zake atafua nani?"

Wazee waliondoka wamenuna. Haukupita muda, wazazi shuleni wakaanza kusema kwamba mkono wa mjane kama huyo usiwapikie watoto wao. Mwalimu mkuu, Robinson, mtu mpole ila anaogopa kelele kuliko nyoka, alimwita pembeni. "Mama, pumzika kidogo kwanza. Mambo ya nyumbani ikiisha, utarudi." Benta alielewa vizuri sana. Akubali mwanamume, au aage jiko. Alichukua mwiko wake akaenda zake, na njiani alilia bila kujificha.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana ni Safia, muuza leso wa Nyamasaria waliyejuana soko la Sondu. Safia naye ni mjane. Eda yake aliimaliza zamani akarudi kazini. Tangu Ouma azikwe, Benta akimtembelea hukaa nje kwenye mkeka, haingii. Safia hakuwahi kumuuliza kwa nini. Huleta sinia ya chai hapo hapo uani, akaketi naye juani akitokwa na jasho, kana kwamba amelipenda vumbi siku zote.

Siku hiyo alipoisikia habari ya shule, chai haikunyweka.

"Huo ni ubaguzi, Benta. Mjini kuna tume ya haki za binadamu. Kesho twende, na uvae ile nguo ya kanisa."

Walikwenda. Walipofika kwenye mlango wa ofisi, Benta akasimama kama aliyegonga ukuta. Afisa, kijana mmoja aitwaye Shitanda, alimkaribisha mara ya kwanza na ya pili.

"Uko na watoto?" Benta akamuuliza.

"Wawili, mama."

"Basi wacha nikae hapa tu. Sitaki kukuletea chira, mkosi wa mjane uwapate wanao, na wewe hujanikosea."

Safia alifunga macho. Hebu fikiria: mtu ametoka Nyakach kuja kushtaki walioamini mkono wake una mkosi, na yeye mwenyewe anauogopa mguu wake! Lakini Shitanda hakucheka. Alitoa viti viwili na meza ndogo, akaandika malalamiko pale kwenye korido, huku watu wakipita wakiruka miguu yao. Mwishoni akamuuliza anataka tume imfanyie nini.

"Nataka jiko langu," Benta akasema. "Basi."

Siku ya kusuluhishwa, Robinson alitangulia kuingia akaketi. Benta alibaki mlangoni. Mwalimu mkuu akamwona, na uso wake ukachangamka.

"Afisa, si unaona mwenyewe? Hata yeye anajua. Kama hawezi kuingia hapa, ataingiaje jikoni ya watoto wa watu?"

Benta akageuka kumtazama Safia. Safia alikuwa amepewa kiti ndani akakikataa; amesimama naye koridoni, mkoba kifuani, miguu imemvimba kwa safari. Benta akaiona mikeka yote ile, na jua lote lile, na chai yote iliyoingia vumbi kwa ajili yake. Aibu ilimshika, kisha hasira, na kati ya hizo mbili mguu ukanyanyuka.

Aliingia. Akavuta kiti kilichokuwa karibu na Robinson, akakaa, akapanga nguo yake ya kanisa magotini.

"Haya, mwalimu," akasema. "Sema sasa."

Hoja ya mwalimu ilikuwa imeishia pale mlangoni. Mazungumzo hayakuchukua muda, na kabla ya adhuhuri mwalimu alikuwa ameweka sahihi kwamba Benta atarudi kazini shule ikifunguliwa, na kwamba atakayelalamika aelekezwe kwenye tume.

Wanawake wawili wakarudi Nyamasaria wamechoka. Safia alipita nyuma jikoni kuchemsha chai. Ikaiva, akabeba sinia hadi uani kama kawaida, akatandika mkeka, akapanga vikombe. Akaangaza macho huku na huku. Hakuna mtu.

"Wee Safia!" Sauti kubwa ikatoka sebuleni. "Huko nje unakunywa chai na nani?"