Sauti ya Pili Mlimani

"Sipigi wito leo, shemeji. Na kesho sipigi."

"Hupigi? Ng'ombe walindwe na nani, na ndevu zako?"

Ambros akalisukumia chini ya benchi lile faneli la mbao tunalochujia maziwa. Kila jioni huliweka mdomoni kama tarumbeta, akasimama penye msalaba wa malishoni na kuwaita watakatifu, bonde zima likasikia. Kwetu Schächental, bonde letu la milimani Uswisi, hata mtoto anajua: sauti ya mchungaji inapofika, usiku ule hafi ng'ombe wala mtu. Isipofika, mlima unajichukulia.

Huyu Ambros amepanda malishoni kila kiangazi tangu kidevu chake kikiwa laini kama siagi. Husalimia ng'ombe kwanza, watu baadaye. Kanisani hunong'ona kama panya, lakini akishika faneli, tai husimama hewani kumsikiliza. Mmoja alijisahau akatumbukia kwenye sufuria yangu ya jibini. Manyoya tuliyatoa mpaka theluji ya kwanza.

"Unaogopa nini, baba mzima?" nikamuuliza.

"Mwangwi. Siku zote hunirudia mara moja. Juzi ulirudi mara mbili, na ule wa pili si wangu. Unamalizia kwa jina langu."

Sikuuliza ni wa nani. Melk, mdogo wake na mume wangu, alipotea kwenye ukungu akiwa bado kijana, jioni ambayo Ambros aliumwa koo na wito haukupigwa. Hatukupata hata kofia.

"Basi muulize alikoweka kisu changu cha jibini."

"Shemeji! Unamtania hata marehemu?"

"Ni marehemu wangu, nitamtania nipendavyo. Miaka yote hii nalala upande mmoja wa kitanda, hata kikohozi chake sijakisikia. Wewe anakuita kwa jina, unanuna!"

Nje ukungu ulikuwa mzito, ungeukata ukaupaka kwenye mkate. Kengele za ng'ombe zilikuwa zimenyamaza.

"Piga, Ambros. Huenda kuna mtu njiani."

Akainama, akalitoa faneli, akalipeleka mdomoni. Kisha akalishusha mapajani.

"Akiniita tena nitamfuata, shemeji. Najijua. Miguu yangu itakwenda yenyewe."

"Utamfuata wapi, na genge lile la mlima hapo chini…"

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Wendel, mchungaji wa malisho ya pili, kalowa mpaka magotini, kofia mkononi.

"Mungu akubariki, Ambros! Nilikuwa ukingoni mwa genge kabisa, mguu mmoja hewani, pua yangu mwenyewe siioni. Ndipo nikasikia wito wako, nikaufuata mpaka hapa." Akacheka, akipangusa uso. "Ila leo umenishangaza, bwana. Sauti ilikuwa ya kijana!"

Ambros alilitazama faneli mapajani mwake.

Baridi ilikuwa inaingia. Wendel akageuka afunge mlango, nami nikamshika mkono, mlango ubaki wazi.