Leo Tu, Usizoee

Pipa la maji la shule yetu lilikaa nyuma ya darasa la tatu, na karibu kila ugomvi nilioamua ulianzia hapo. Kiangazi wavulana wakubwa walilijaza kwa ndoo kutoka kisimani, na kufika mapumziko ya saa nne lilikuwa limebaki nusu. Kopo lilikuwa moja, limefungwa kamba. Watoto wengi, kiu moja, kopo moja. Sijui nani alitegemea amani hapo.

Ilikuwa shule ndogo ya misheni nje ya mji wa Tabora, upande wa Itetemia, enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mwalimu wa kike peke yangu. Baadaye watu walinisifu kwamba nilikuwa na subira na watoto. Subira sikuwa nayo. Hasira zangu zilikuwa karibu, na bakora ilikuwa karibu zaidi. Nilichokuwa nacho ni uchovu wa kuchapa watoto walewale kwa kosa lilelile.

Watoto hao walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na wenyeji, Wanyamwezi, watoto wa wakulima, waliofika na vumbi la mashamba miguuni. Na kulikuwa na watoto wa kota za reli, ambao baba zao waliletwa na kazi kutoka kila pembe ya nchi. Hadithi hii ni ya wawili tu, mmoja wa huku na mmoja wa huko.

Mtoto wa Itetemia alilelewa na bibi yake. Mdomo wake ulikuwa mzito na ngumi zake nyepesi. Mtoto wa reli alikuwa Mgogo, mwana wa fundi wa njia, miguu mirefu na ulimi mrefu kuliko miguu. Siku moja huyu wa reli alilishika kopo, akalizuia kifuani, akamwambia mwenzake asubiri. Babu zenu walikuwa wapagazi, alisema, punda wa misafara, na punda hunywa mwisho. Mtoto wa Itetemia alitafuta jibu, hakuliona, akajibu kwa ngumi. Jino la mbele la mwenzake likakatika, damu ikaingia kwenye pipa, na maji yote ikabidi yamwagwe.

Mwalimu mkuu alimwita bibi. Akamwambia kwamba mjukuu wake akipiga mtu tena, shule basi. Bibi hakubishana. Alilia tu, akasema huyo ndiye mtu pekee aliyebaki nyumbani kwake, na asiposoma atakuwa mtu wa nini.

Niliwachukua wote wawili darasani, bakora mkononi, nikawauliza maneno yalikuwaje. Waliponieleza, niliiweka bakora mezani. Babu yangu mwenyewe alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi pwani, na hadi anakufa bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu ambayo sisi wajukuu tuliipenda kuigusa. Alikuwa akisema hakuna mahali walipoteseka kama Ugogo. Nchi kavu, na Wagogo wamekaa juu ya visima vyao wakidai hongo, yaani ushuru wa kupita, nguo juu ya nguo, ndipo msafara unywe. Wakapigana sana. Lakini njia ilikuwa ile ile kila mwaka, na watu wanaokutana kila mwaka huchoka kupigana, wakaishia kuwa watani. Mgogo akapata ruhusa ya kumtukana Mnyamwezi usoni, Mnyamwezi akapata ruhusa ya kuchukua cha Mgogo bila kuomba. Na aliyefia njiani alizikwa na watani, kwa kuwa ndugu zake walikuwa mbali.

Basi nikawaambia watoto wale kwamba hawakukosa kwa kutukanana. Walikosa kwa kutojua adabu ya utani. Mtani hutukana mbele ya watu, si chochoroni. Hagusi mwili. Anayetukanwa haruhusiwi kukasirika, anaruhusiwa kujibu, na asiye na jibu leo alitafute kesho. Na siku ya msiba, mtani ndiye wa kwanza kufika. Hili la mwisho nililiongeza kwa sababu ndivyo lilivyo. Sikulifikiria zaidi ya hapo.

Mtoto wa Itetemia alilala na jambo lake. Kesho yake, penye pipa, alimsogelea mwenzake, watoto wakajibanza wakingoja ngumi. Akasema, "Heri punda. Punda hajawahi kuuza maji ya Mungu." Darasa zima likacheka, na aliyecheka zaidi ni yule wa jino lililokatika. Mimi niligeukia ukuta wasinione.

Tangu hapo ngumi zilipungua. Kila mtoto alitaka mtani wake, na pale ambapo makabila hayakuwa na utani, niliwabunia. Wazee wangejua wangenishangaa. Lakini wale wawili utani wao ulikuwa wa kweli, nao ukawatoa kwenye matusi ukawafikisha kwenye kugawana muhogo. Wakitoka shule, mtoto wa reli alikuwa akimrukia mwenzake mgongoni, akimwambia, "Mpagazi, nibebe hadi stesheni." Mwenzake alimbeba hatua chache, halafu akammwaga vumbini. "Leo tu. Usizoee." Kesho yake vilevile. Maneno hayo niliyasikia mara nyingi hadi sikuyasikia tena.

Mwishoni mwa kiangazi mtoto wa reli hakuja shule. Tukaambiwa ana homa, shingo imekakamaa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Walimpeleka hospitali, na kabla wiki haijaisha alikuwa amefariki.

Habari ilifika asubuhi, wakati wa kuita majina. Nilimaliza kuita majina kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Nikawaambia watoto wabaki darasani, maana siku zile watoto hawakupelekwa mazikoni. Mtoto wa Itetemia alinifuata nje.

"Mwalimu, nimeshachelewa?" aliniuliza.

Nikamwambia watoto hawaendi. Akanitazama bila kuelewa. Akasema, "Si wewe uliyesema mtani ndiye wa kwanza?"

Nilimshika mkono tukaenda kota. Njia nzima niliogopa. Niliogopa watamfukuza, niliogopa watanicheka, na zaidi niliogopa kwamba nilimpa mtoto mzigo wa watu wazima kwa mchezo, naye akaubeba kweli.

Jeneza lilikuwa dogo, la mbao kutoka karakana ya reli. Ndugu wa marehemu walikuwa mbali, wasingewahi. Waliokuwepo ni wafanyakazi wenzake na baba yake, na majirani Wanyamwezi. Angekufa mtu mzima, Wanyamwezi hao wangeshaziba mlango, wangevaa kofia ya marehemu na kuiga mwendo wake, wangegoma hadi wapewe chochote ndipo maiti apite. Lakini kifo cha mtoto hufunga ulimi. Watani walikaa wakitazama chini.

Wanaume wanne waliinua jeneza. Mtoto akauponyoka mkono wangu, akasimama mbele yao. Baba wa marehemu akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyo atolewe njiani. Nikasikia sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Muacheni. Ni mtani wake."

 Baba akamtazama yule mtoto, akasogea pembeni. Mtoto akaingiza bega lake chini ya kona ya jeneza. Halikufika, hadi mwanamume wa kona ile alipopiga magoti kidogo. Lilipomgusa begani, akasema kwa sauti ya kusikika, kama nilivyomfundisha, mbele ya watu.

"We Mgogo. Haya, nimekubeba. Leo tu. Usizoee."

Mwanamke mmoja alicheka, kicheko cha ghafla, halafu kikamkatikia, na hapo ndipo watu wote walipolia. Wazee Wanyamwezi walilia. Ndani, mama wa marehemu, ambaye walisema hajatoa sauti tangu hospitali, tulimsikia. Mimi nililia hadi leso ikawa haifai. Mtoto peke yake hakulia. Alikuwa kazini. Alitembea vidole vya mguu vikisukuma mchanga, hadi makaburini.

Tulirudi jioni. Karibu na shule akaniuliza, "Mwalimu, sasa mtani wangu nani?"

Mimi ni Mnyamwezi kama yeye. Sikuwa na cha kumpa. Nikamwambia tutaona, jibu ambalo watu wazima hulitoa wakiwa hawana jibu.

Niliwaambia watoto wengine wamfanyie upole, na wakamfanyia. Akifika penye pipa walimpisha. Kopo alipewa wa kwanza. Hakuna aliyemwita mpagazi wala punda. Foleni ilinyooka kama nilivyoitaka tangu mwaka uanze, na nilichukia kuiona. Mtoto alikuwa akidhoofika. Bibi yake aliniambia chakula kinarudi jikoni kama kilivyotoka. Kisha siku moja mtoto mdogo wa darasa la pili akampa kopo kwa mikono miwili, kwa heshima, naye akampiga usoni.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa neno moja. Nilimsihi, nikamwambia ngumi ile si ugomvi, ni kilio. Akasema vilio vya watu wengine havipaswi kutoa watoto wake damu puani. Akaniambia Jumatatu bibi aitwe.

Jumamosi mama wa marehemu akanitumia mtu. Alikuwa anasafiri kwenda kwao Ugogo, na alimtaka yule mtoto stesheni. Nilikwenda kumchukua Itetemia. Bibi alikuwa amemwogesha na kumpaka mafuta hadi paji la uso linang'aa.

Tulimkuta mama amekaa kwenye benchi, furushi la kanga miguuni. Alikuwa amekonda. Mtoto akasimama mbele yake, mikono nyuma, akasema shikamoo. Mama hakuitika marahaba. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Mpagazi gani wewe, treni inakaribia ndiyo unafika? Babu zako walikuwa njiani tangu alfajiri. Beba mzigo huo."

Nilimwona mtoto akisita. Yule alikuwa mama wa mtu, na mfiwa. Akanigeukia, nikamkubalia kwa kichwa. Akalinyanyua furushi, akaliweka kichwani, akalipima.

"We Mgogo, huu nao mzigo? Hata kuku angeubeba."

Mama akacheka. Lilikuwa cheko fupi, lenye kutu.

"Ndiyo maana nimekupa wewe," alisema. "Ni nguo za mwenzio. Kwetu hawakuliona kaburi. Walau wazione nguo."

Mtoto alilishusha furushi kutoka kichwani, akalikumbatia kifuani. Akatembea hivyo hadi kwenye behewa la daraja la tatu, taratibu, watu wakimpita na mabegi na kuku. Mama akapanda, akakaa dirishani, akanyoosha mikono. Mtoto hakulitoa. Honi ikalia. Nikataka kumsaidia, mama akanikataza kwa macho.

"Lete, baba," alisema. "Mtani wako ni mimi sasa. Nikikuona tena nitakutukana vilevile."

Ndipo akalipitisha dirishani. Uso ulikuwa umemharibika, machozi na mafuta ya bibi vimechanganyika. "Nimekubebea leo tu," alisema, na mengine yakamshinda.

"Najua," alisema mama. "Nisizoee."

Hatukumwona tena. Mumewe alihamishiwa Usinge, mbele ya Tabora kwenye reli ya Kigoma, na mama aliporudi kutoka kwao alipitiliza huko huko. Mara moja tu zilikuja salamu kupitia kwa mfanyakazi wa reli: yule punda aambiwe mzigo ulifika.

Jumatatu ile bibi alifika mapema, akakaa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mikono magotini. Mapumziko yakaingia. Mtoto wa Itetemia akaenda penye pipa, watoto wakampisha, akakataa, akashika zamu yake mwisho. Mbele yake alikuwa yule mdogo wa darasa la pili, pua bado imevimba. Akamwambia kwa sauti kubwa kwamba ana kichwa kama kibuyu, kitumike kuchotea maji, kopo lipumzike.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, akisikia. Yule mdogo akanitazama, machozi karibu, hajui kama anaruhusiwa.

Nikamwambia ajibu.