Valvu Ndogo kwenye Volti Mia Nne

Nilirudi Ifakara baada ya vita, nikiwa nimejifunza mitambo ya mawasiliano jeshini. Miaka ya hamsini misheni ikaniajiri kutunza jenereta na kipaza sauti. Kilikuwa boksi zito la chuma lenye valvu, zile chupa za kioo zinazowaka. Mbili za mwisho, kubwa kuliko zote, ndizo zilizosukuma sauti mpaka kwenye spika mbili za uwanjani.

Siku tatu kabla ya sikukuu ya misheni, ambayo ibada yake hufanyika uwanjani, valvu hizo kubwa zikafa. Stoo nilikuta jozi moja tu, ndogo. Miguu yake iliingia sawasawa kwenye matundu, lakini zilivumilia volti mia tatu, na boksi letu lilitoa zaidi ya mia nne.

Katekista, mzee aliyefundisha dini miaka mingi kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma, akanifuata karakana.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina. Mwanangu, wagonjwa wangu wanakalishwa ng'ambo ya barabara. Mwaka jana hawakusikia hata neno. Walitazama midomo yetu tu. Safari hii somo nasoma mimi, na unajua koo langu limekwisha. Kaza huo mtambo."

Nilijua ni makosa, lakini sikuweza kumkatalia. Nikazipa zile ndogo volti zote. Sauti ikatoka kali, mzee akacheka kwa furaha. Mara bamba la ndani ya valvu moja likageuka jekundu kama kaa la moto. Nikarukia swichi, nikazima.

"Imeungua?"

"Bado, mwalimu. Ila nimeipunguzia umri."

Nikafunga rezista kubwa ya kupunguza umeme, volti zikashuka chini ya mia tatu. Valvu zikatulia, sauti ikafifia. Mzee akakaa juu ya debe.

"Basi hawatasikia."

Uso wake uliniuma. Nikatoka nikaupima uwanja kwa hatua, na ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nahangaika kuirusha sauti mbali, wakati spika yenyewe ingeweza kuhamishwa. Nikaunga vipande vya waya wa zamani wa simu, nikapeleka spika moja ya uwanjani ng'ambo ya barabara.

Padre hakupendezwa. "Na hawa wa viti vya nyuma?"

"Wao wana miguu, padre," katekista akamjibu taratibu. "Watasogea."

Padre akaniashiria niendelee.

Asubuhi ya sikukuu mzee alisoma kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Alipomaliza, mama mmoja asiye na vidole aliinua mikono akaitikia, na kundi zima la ng'ambo likamfuata. Watu uwanjani wakageuza shingo. Katekista alishika kitabu bila kufungua ukurasa mwingine, machozi yakimtoka.

Valvu kubwa zilifika kutoka Dar es Salaam kabla ya masika. Nilizifunga, nikarudisha volti. Spika ya ng'ambo hakuna aliyeniambia niing'oe.