Panya Waliomjua Mke Wangu

Mke wangu amefanya kazi na panya kwa miaka ishirini na saba, na kwa miaka hiyo yote nimelala kitanda kimoja na mtu anayenukia maranda ya mbao wanayotandikiwa. Simlaumu, maana mimi ni fundi cherehani na yeye anadai nanukia mafuta ya mashine. Lakini mwezi uliopita, jamani, mwezi uliopita panya hao walifanya jambo ambalo kila nikilifikiria nashindwa kukaa kitini! Na kwa kuwa mimi si mtu wa kutegemewa tena kwa kukumbuka, naliandika sasa hivi likiwa bado la moto.

Mumjue kwanza mwenyewe. Ni mfupi, ana goti la kushoto linalomsumbua, na akisimama huegemea mguu mmoja na kujitikisa polepole kama anambembeleza mtoto asiyekuwepo. Aliingia kwenye jengo lile la chuo kama mfagiaji. Leo ndiye mkuu wa watunza wanyama, na wasomi wenye vyeti vya kujaza ukuta humbishia hodi kumuuliza kwa nini panya fulani hali. Yeye panya humbeba kwa kiganja, akimshika chini ya tumbo. Siku moja alimkuta msomi mgeni amemning'iniza panya kwa mkia, akamwambia, "Hebu lete sikio lako nikuning'inize na wewe, tuone utajibu mtihani gani." Huko kazini wanamwita Mama Panya. Ukinijumlisha mimi kwenye jina hilo tutagombana.

Daktari anayefanya naye kazi ni binti mwembamba wa miwani, anayechunguza ubongo unaozeeka: kwa nini mzee husahau, na kama usahaulifu huo unaweza kuzuiwa. Binadamu huwezi kumfungia chumbani maisha yake yote ukampimia chakula, kwa hiyo ameanza na panya, ambao wakifikisha miaka miwili wameshakula chumvi nyingi. Mtihani wao ni beseni la duara, pana kuliko kitanda changu, lenye maji yaliyokorogwa maziwa ya unga ili chini kusionekane. Ndani yake kuna kigoda kilichozama kidogo tu. Panya hutiwa majini aogelee mpaka akipate kigoda, apande, apumzike. Ukutani wamebandika nyota, mraba na mwezi, ili panya ajue yuko upande gani, kama sisi tunavyomwelekeza mgeni akate kushoto penye duka la rangi. Anayekumbuka huenda moja kwa moja. Aliyesahau huzunguka mpaka anatia huruma. Kazi ya mke wangu ilikuwa kusimama kando ya sinki, taulo begani na saa ya kupimia sekunde mfukoni, akimsubiri kila mmoja atoke amkaushe.

Panya wazee walikuwa wa vyumba viwili. Wa chumba cha kwanza, wanaotunzwa na mke wangu tangu hawajafumbua macho, walichanganyiwa chakula na unga wa kijani wa majani fulani. Wa chumba cha pili, wanaohudumiwa na watu wa zamu, leo huyu kesho yule, walikula chakula cha kawaida. Siku majibu yalipotoka, mke wangu alipanda ngazi za nyumbani kama hana goti.

"Baba watoto! Wazee wangu wanakumbuka! Wale wengine wanahangaika dakika nzima, wangu wanakwenda mshale! Mstaafu katumia sekunde tisa!"

Mstaafu ni panya mzee kuliko wote, mwenye sikio lililochanika. Nilisimama na sindano mdomoni, nikasahau hata kuitoa. Furaha yangu haikuwa ya panya. Ilikuwa ya kwangu mimi.

Kwa sababu kichwa changu kilishaanza kunitoroka. Nampima mteja kiuno, natembea hatua tatu kuifuata chaki, namba imekwenda. Bwana mmoja nilimkatia suruali kwa kipimo cha mwanawe. Akaivaa, ikamwishia magotini, tukacheka wote wawili. Alipoondoka nikaenda nyuma ya pazia na kicheko kikanikauka. Mke wangu alijua hayo. Asilolijua ni kwamba siku moja, nikitoka kununua nyuzi, nilifika kwenye njia panda ninayoivuka kwa miaka thelathini, nikasimama, na sikujua barabara ipi inakwenda kwangu. Nilipofika nyumbani nilimwambia dukani kulikuwa na foleni.

Basi nikautaka ule unga. Daktari alikataa katakata. "Baba, hii bado si dawa. Nisubiri." Mimi ni mtu wa kusubiri? Nilimsumbua mke wangu mpaka akaenda sokoni mwenyewe, akanunua majani yale yale, akayakausha na kuyasaga. Miezi miwili nimekula chakula cha panya! Kichungu hicho, Mungu ndiye anajua. Kila nilipokumbuka kitu niliusifu unga, na kila niliposahau nilijiambia nimekula kidogo.

Ikabaki wiki moja Daktari aende kuitetea kazi yake ya miaka mitatu mbele ya maprofesa, apewe shahada ya uzamivu. Jioni ile mke wangu alirudi akichechemea. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaliangalia goti lake kama limemkosea adabu.

"Leo goti lilikataa," akasema. "Sikuweza kusimama kwenye sinki. Nikachukua kiti, nikakaa dirishani."

"Pole. Sasa?"

"Mstaafu kanifuata dirishani. Kigoda kiko kule kule siku zote, upande wa sinki, yeye anakitafuta dirishani! Nikasema kachoka. Akaja wa pili, dirishani. Wa tatu, dirishani. Daktari anasema labda maji ni ya baridi." Akanishika mkono. "Hawajawahi kuiangalia ile nyota, baba watoto. Walikuwa wananiangalia mimi. Kamera inayorekodi mtihani inatazama beseni tu, nani angeniona?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Unga ulikuwa wa chumba cha kwanza, na mke wangu pia alikuwa wa chumba cha kwanza. Waligawa chakula, wakamgawa na yeye bila kujua.

"Na unga?" nikauliza.

Akainama, akalisugua goti. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa sana. Ibilisi mdogo akaninong'oneza nimwambie anyamaze, binti apate shahada yake na mimi nibaki na tumaini langu. Nilifungua kinywa kabisa. Mke wangu akanitangulia: "Nikinyamaza, wazee wa watu watakula majani haya mpaka wafe." Nikakifunga.

Asubuhi tulikwenda pamoja. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akageuza ndoo, akaikalia. Akavua miwani. Mke wangu akaanza, "Nisamehe, mwanangu, nimekuharibia..." Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

Mara yule binti akaruka kutoka kwenye ndoo! "Mama, hebu kasimame dirishani."

Wakamtia Mstaafu majini. Akaelea kidogo, pua juu, kisha akakata maji kuelekea dirishani. "Sasa nenda mlangoni!" Mstaafu, mlangoni. "Rudi kwenye sinki!" Mstaafu, kwenye sinki. Wakaleta mwingine, na mwingine, wote kumi na wawili wa chumba cha kwanza, na kila mmoja alimfuata mke wangu alikosimama. Wakaleta wa chumba cha pili: hao walizunguka ovyo, kwao mke wangu alikuwa kama kabati. Daktari alikuwa anapiga kelele kila panya akigeuka, na mimi, niliyekuwa siwezi hata kulitamka neno panya nikiwa mezani, nilijikuta nimeinama juu ya beseni nashangilia, "Twende, mzee! Twende!"

"Lakini wanafuata nini?" Daktari akasema, akitembea huku na huku. "Koti? Harufu? Ufupi wa mama?" Akasimama. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, na mke wangu naye akaniangalia, na nikajua nimekwisha. Mimi na mke wangu tumelingana kimo. Ni jambo ambalo hatulizungumzii.

Wakanivika koti lake la kazi, lililovaliwa wiki nzima bila kufuliwa. Wakanifunga kilemba chake na kunitupia taulo begani. Mke wangu akatoka nje, nikasimama kwenye sinki. Mstaafu akatiwa majini. Akaja! Akaja vizuri tu, mpaka katikati. Hapo akasimama, akapiga miguu papo hapo, akanitazama, na ninaapa sijawahi kutazamwa vile hata na mkwe wangu. Kisha akageuka na kuanza kuzunguka, akitafuta. Daktari akafungua mlango taratibu. Mke wangu akaingia bila neno, akasimama upande wa pili, akaegemea mguu mmoja na kuanza kujitikisa. Mstaafu akageuka na kumwendea.

"Si koti," Daktari akanong'ona. "Si harufu peke yake. Mama, labda ni unavyosimama. Sijui!" Hilo "sijui" alilitamka kama mtu aliyepewa zawadi. "Njia wameisahau kama wazee wote, lakini mtu bado wanaye. Hivyo ni vitu viwili, na labda havikai mahali pamoja kwenye ubongo! Mama, kazi yangu yote ilikuwa inatazama beseni, kumbe jibu limesimama na taulo."

Nikangoja atulie. "Na unga, Daktari?"

Alinigeukia polepole. Nadhani alijua, maana meno yangu yalikuwa ya kijani. "Unga haujafanya kitu, baba. Samahani sana."

Moyo ulinianguka, hata kama nilishajua. Nilivua koti, nikawaambia nina suruali za watu zinangoja, nikatoka. Sikutaka wanione.

Nilitembea haraka mpaka njia panda. Na hapo, mchana kweupe, kile kile cha siku ya nyuzi kikanipata tena. Barabara nne, magari, mabango. Mabango nayasoma, kila herufi naiona, na hakuna hata moja inayoniambia nyumbani ni wapi. Nilishuka ukingo wa barabara, nikarudi. Nikageuka kushoto, nikarudi. Watu walinipita. Aibu ikanijaa kuliko woga.

Ndipo nilipomwona mtu mfupi upande wa pili wa barabara, kando ya kibanda cha magazeti. Sura sikuiona, jua lilikuwa nyuma yake. Alikuwa ameegemea mguu mmoja, anajitikisa polepole. Sikuuliza tena barabara ipi ni ipi. Nilivuka na kumwendea moja kwa moja.

Mke wangu alikuwa na taulo begani na kofia yangu mkononi, niliyoisahau kwenye sinki. Alinifuata, akapita njia ya mkato nyuma ya majengo, kisha akasimama pale ananitazama muda wote ninavyozunguka. Nikamwambia palepale, magari yakipita: si mara ya kwanza, na dukani siku ile hakukuwa na foleni yoyote. Alisikiliza bila kunikatiza. Macho yake yalilowa, lakini mdomo wake naujua, ulikuwa unapigana na kicheko.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile saa ya kupimia panya, akaibonyeza.

"Dakika nne na sekunde kumi," akasema. "Mstaafu kakushinda mbali."

Kisha akanivika kofia, akanikausha jasho la uso kwa lile taulo la panya, na sikulalamika.