Mabati ya Ushuhuda Wangu

Bega langu la kushoto lina kovu la chanjo ya ndui, la mviringo, ukubwa wake kama punje ya kahawa. Nililipata nikiwa na miaka kama sita, enzi za Waingereza, siku bwana wa chanjo alipokuja na baiskeli akaweka meza yake nje kwa mkubwa wa kijiji. Mama alikuwa amenificha nyuma ya mitungi. Dada yangu ndiye aliyenivuta, akanishika mkono njia nzima, akaniambia haiumi hata kidogo. Iliuma sana. Nikamwambia, "Umenidanganya." Akacheka. "Ningekwambia inauma, ungekuja?"

Mwezi huohuo aliolewa Isingiro, na kutoka kwetu Kimuli, kwa miguu ya mtoto, Isingiro ilikuwa mwisho wa dunia. Nilimwona tena mara chache, akiwa na mtoto mgongoni na haraka ya kurudi kwake.

Sijui kwa nini nimeanza na hilo. Mtu akikaa peke yake, mwili wake ndio unakuwa watu wa kuongea nao. Mke wangu ametangulia, watoto wako mijini, simu wanapiga Krismasi. Basi jioni najikagua makovu kama mtu anayechambua maharage: hili la begani, hili la kidole nilijikata nikipunguzia mgomba majani, hili la mguuni. Nikifika la mguuni nakwama, maana lile nililipigia mdomo miaka kumi.

Nililipataje? Ngoja niseme polepole, na safari hii niseme kama lilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka wa vita. Siku hizo Kyerwa haikuwa wilaya, sote tulikuwa Karagwe. Askari wa adui hawakufika kwetu Kimuli, ila mizinga tulikuwa tunaisikia upande wa mto, na wenye mali walihama. Mfanyabiashara mmoja aliacha ghala lake la kahawa tupu, na bati moja la pembeni lilikuwa limeng'oka misumari linapigwapigwa na upepo. Mimi nyumba yangu ilikuwa ya nyasi, inavuja, mke ana mimba. Nikaenda mchana, nikapanda, nikalivuta. Upepo ukalichukua likanigeukia, likanipasua ugoko hadi mfupa ukaonekana. Nikapiga kelele kama mbuzi.

Aliyenisikia alikuwa rafiki yangu. Alikuja kwetu kijana, na wazazi wake, wakikimbia machafuko ya Rwanda. Ng'ombe zao zote ziliishia njiani. Akawa kibarua, analima vibanja vya watu, migomba ya watu, kahawa ya watu, mpaka akapewa kipande cha ardhi pembeni yangu. Maskini wa shamba, lakini jina lake lilikuwa safi. Kwetu mgeni hana ukoo wa kumsemea. Jina lake ndilo kibanja chake. Huyu ndiye alinifunga mguu kwa kamba za mgomba, akanibeba mgongoni, kijiji kizima kikituona. Njiani aliniuliza, "Bati umelifanya nini?" Nikasema limebaki chini. Akasema, "Vizuri." Kesho yake alikwenda na nyundo, akalirudisha mahali pake.

Basi. Ni hayo tu. Bati moja, na halikulala nje zaidi ya usiku mmoja.

Baada ya miaka michache niliokoka, katika ushirika wa uamsho wa kanisa letu la Kilutheri. Wanaojua ushirika ule wanajua: hukai tu, unasimama unaleta mambo yako nuruni. Nilisimama siku ya kwanza nikisema hilo la bati, kama nilivyolisema hapa. Watu wakakohoa. Aliyefuata alikuwa mama mmoja, akasimulia sumu aliyomwekea mke mwenzake, watu wakalia, wakamkumbatia. Kiongozi akanigeukia. "Ndugu, usimfiche Bwana. Toa yote."

Yote nilikuwa nimetoa! Lakini usiku ule nilijiona kama mtu aliyekwenda harusini na yai moja.

Mara ya pili nikasema mabati matatu. Mara ya tatu kumi. Baadaye nikaongeza panga, maana mwizi wa mabati kumi bila panga haeleweki. Nikaongeza mzee mlinzi tuliyempiga. Hapo ndipo lilipoingia neno "tuli". Sikukusudia. Mtu mmoja habebi mabati ishirini. Hadithi yenyewe ilidai watu, nikaipa watu. Nami nilijua amri ya nane, nilikariri kwa ajili ya kipaimara nikiwa darasa la tatu, ndilo darasa langu la mwisho. Ila nilijiambia simshuhudii jirani uongo, namwongezea Mungu utukufu: dhambi ikiwa kubwa, neema inaonekana kubwa zaidi. Na vijana walikuwa wanaokoka kwa machozi. Leo nasema wazi, Mungu hakuwa na upungufu wa mabati. Yesu alituagiza ndiyo yetu iwe ndiyo, siyo yetu iwe siyo, na kinachozidi hapo alishatuambia kinatoka kwa nani. Mimi niliishi kwenye kinachozidi.

Rafiki yangu mwanzoni alicheka. Tulikuwa majirani, jioni tunakaa kwake au kwangu, tunatafuna kahawa iliyochemshwa na majani. Ananiuliza, "Yamefika mangapi leo?"

"Acha utani, hiyo ni kazi ya Mungu."

"Yakifika mia nipe mawili, choo changu kinavuja."

Tunacheka. Sijacheka hivyo tena tangu hapo, nasema kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaalikwa Rugu, kwenye mkutano mkubwa wa injili. Watu wametoka mbali, spika inalia mpaka milimani. Nilipandisha suruali nikaonyesha kovu, nikasema tulikuwa wanne, kila mtu na panga lake, na lile kovu ni la kugombania mali na wenzangu. Nikamaliza kwa kusema hata yule aliyenibeba mgongoni alikuwa na damu mikononi. Watu waliitikia kama mvua juu ya mabati. Nilirudi nyumbani naelea.

Siku ya tatu yake rafiki yangu alikuja mchana. Nilikuwa natandaza kahawa kwenye majamvi. Nikampa kiti, hakukaa.

"Rugu ulisema nini?"

"Nilishuhudia tu."

"Ulisema nilishika panga."

"Sikutaja jina la mtu."

"Waitu, jamani, hukutaja jina! Ulisema yule aliyenibeba mgongoni. Nani mwingine alikubeba mgongoni nchi hii? Mama yako?"

Nikainamia kahawa yangu. Akaniambia kilichotokea. Binti yake alikuwa amechumbiwa huko Rugu, mahari imeshakubaliwa. Baba wa kijana alikuwepo mkutanoni. Alipouliza, akaambiwa mtu anayesemwa ni huyo mkwe wake mtarajiwa. Akatuma neno: hawaoi kwenye nyumba ya majambazi.

"Nitakwenda kumwona," nikasema.

"Usimwendee pembeni. Ulisema mbele za watu, kaseme mbele za watu. Nimemwomba aje hapa Jumapili ya mavuno, amekubali. Ndiyo nafasi niliyopewa, hakuna nyingine. Sikuombi unisifu. Sema bati moja. Sema nililirudisha. Ukae."

"Bati moja tu?"

Akarudisha jamvini punje iliyokuwa imedondoka. "Kwani yalikuwa mangapi?"

Jumapili ile madhabahu ilijaa mikungu ya ndizi, maharage, maboga, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu aliyekuwa anaingilia kila sala. Mzee wa Rugu, baba wa kijana, alikaa benchi la mbele, koti refu, fimbo katikati ya magoti. Binti alikaa upande wa wanawake na mama yake, gauni jipya, macho sakafuni. Rafiki yangu alikaa karibu na dirisha, kofia yake ameiweka pale kizingitini.

Mchungaji alinikaribisha kama kawaida: ndugu yetu aliyekuwa jambazi sugu. Nikasimama.

"Bwana asifiwe. Leo nimekuja kusahihisha. Yule mwenzangu hakuwa mwizi."

Kanisa likanyamaza, hata jogoo. Rafiki yangu akainua uso. Hapo ningekaa. Nilibakiza maneno matatu au manne, niyamalize, nikae. Lakini kile kimya! Asiyewahi kusimulia mbele za watu hajui kimya kile kinavyovuta. Nikaona nikisema bati moja watakohoa tena. Nikaona pia kwamba rafiki yangu ananidai fidia, na kwamba fidia lazima iwe kubwa.

"Ni mimi niliyemlazimisha," nikasema. "Nilimwekea panga shingoni. Akapiga magoti matopeni, akaniambia, niue, lakini siibi! Akaniombea huku damu inamtoka shingoni..."

"Haleluya!"

Watu walisimama. Mama mmoja alilia. Nami machozi yalinitoka, ya kweli kabisa, kwa jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nilimwangalia rafiki yangu nikidhani nimempa zawadi. Alikuwa amefumba macho.

Mzee wa Rugu akaomba ruhusa kwa mchungaji, akasimama na fimbo yake.

"Shikamooni wakubwa. Mimi ni mgeni hapa, mnisamehe. Kule kwetu huyu ndugu alisema panga zilikuwa nne, na moja aliishika huyu mzee. Leo panga ni moja na huyu mzee ni malaika. Mimi nimekuja kutafuta mkwe. Malaika sikumwomba." Wachache wakacheka. "Sasa kati ya siku hizi mbili, nishike ipi? Nikishika hii ya leo, wiki ijayo mtaniambia nini?"

Mchungaji alianza kusema jambo la upendo. Ndipo rafiki yangu aliposimama. Hakupaza sauti. Alininyooshea mkono, kiganja wazi, kama mtu anayesubiri apewe chumvi.

"Ndugu yangu, swali moja tu, kisha nakaa. Mabati yalikuwa mangapi?"

Moja. Neno la mtoto wa darasa la kwanza, na mimi nilifika la tatu. Kinywa nilikifungua. Nikawaona vijana waliookoka kwa mabati yangu, wamekaa safu nzima wamevaa mashati meupe. Nikamwona kiongozi aliyeniambia nitoe yote. Nikaona jinsi kanisa zima litakavyonitazama kuanzia saa ile hadi nife.

"Dhambi haina hesabu, ndugu yangu," nikasema.

Mtu nyuma akaitikia, "Amina!" Kwaya ikadaka pambio, ngoma ikaingia, makofi.

Mzee wa Rugu alitikisa kichwa, akakaa, akaangalia ukutani. Rafiki yangu naye alitikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa barabara imekatika. Akachukua kofia yake kizingitini. Akaenda upande wa wanawake, akamgusa binti yake begani, binti akasimama, na mama yake akasimama. Wakapita katikati ya makofi. Mimi nilikuwa bado mbele, nikiimba, na kupitia dirisha nilimwona anashuka kwenye mibuni, kofia mkononi, hana haraka, wanawake wawili nyuma yake. Jioni nilikaa nje na kikapu cha kahawa nikisubiri aje aniseme. Kibanja chake alimrudishia aliyempa kabla ya mvua za vuli. Wengine walisema amekwenda Biharamulo, wengine Ngara. Pale kwenye mibuni ndipo nilipomwona mgongo, akazunguka mgomba wa mwisho, na hakurudi.