Nyota Tano za Mama Mkwe

Tovuti yenyewe ilikuwa rahisi: unatazama filamu, unaipa nyota, unaandika maoni, kisha watu wanakuja kukubishia. Enzi zake za neema, nusu ya ofisi yetu hapa Dodoma ilikuwa humo, na mimi, mwenye shahada ya fasihi, nilijiita jaji mkuu.

Mpinzani wangu alikuwa mtu wa Mkonze asiyeweka jina wala picha. Filamu moja ya kivita ya Kikorea niliipa nyota tano kwa sababu ya mama mkwe wa jenerali, mwanamke mwenye ulimi kama wembe. Akanijibu: "Mama mkwe gani? Yule ni dada yake. Ulilala nini?"

"Dogo, karudie kuitazama," nikamwandikia.

Tulivutana wiki nzima ndipo tukagundua kwamba mimi niliiona kwenye banda la video la Kizota, yeye la Mkonze, na kila banda lilikuwa na nakala ya mtafsiri wake. Wale jamaa huzungumza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, na wasipoelewa jambo, hulitunga. Nyota zangu zote tano nilikuwa nimempa mtu mwenye kipaza sauti.

Baadaye watu wakahamia kwenye makundi ya simu na video fupi. Tukabaki wawili, tunabishana kwenye ukumbi mtupu. Wenye tovuti walipotangaza kuifunga, niliumia: nikimpoteza huyu, nani tena atanipinga kwa bidii hivyo? Nikaandika haraka: "Tukutane. Tuitazame pamoja, bila mtafsiri." Akanielekeza kwake.

Aliyefungua mlango alikuwa mama wa rika la mama yangu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiye wewe jaji? Ingia, dogo."

Filamu ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, akaniomba nimsomee. Yule mwanamke wa ulimi kama wembe, kumbe, alikuwa mpishi tu. Nikatafsiri kitaaluma, neno kwa neno, mpaka mama akapiga miayo.

"Mwanangu, huyu anakwenda vitani au anasoma taarifa ya habari? Tia chumvi!"

Nikatia. Kufika katikati, jenerali alikuwa anadaiwa ng'ombe wa mahari na ukoo mzima wa Kigogo, na mama anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hapo sawa," akasema. "Jumamosi uje mapema. Nitaita na majirani."