Landrova Niliyoiinua

Mimi ni mtu wa kupima. Hata leo nikiona mlango, napima kwa macho kama kabati litapita. Ugonjwa huo niliupata kwenye karakana ya shamba la mkonge, upande wa Kibaha, nilikofanya kazi ya ufundi kabla ya kurudi kwetu Kisarawe na landrova kuukuu ambayo shamba lilikuwa limeichoka.

Gari lenyewe lilikuwa zima, ila njia ya Maneromango ililishinda. Miaka ile ya hamsini, masika yakikolea, malori ya mihogo na korosho yalichimba mifereji miwili barabarani, na katikati likabaki tuta. Landrova yangu ikiingia humo inakalia tuta kwa tumbo, magurudumu yanazunguka bure, nami nashuka na koleo nikitukana barabara, mvua na serikali ya Mwingereza, kila mmoja kwa zamu yake.

Basi nikaamua kuiinua. Nilipata matairi manne makubwa ya gari la jeshi, yenye meno ya kushika tope. Nilipoyafunga, yakawa yanakwaruza madigadi kila nikikata kona. Kukata bati sikutaka. Gari ni kama nguo, ukianza kukata hujui utaishia wapi. Nikafungua bolti zinazoshika bodi kwenye chesisi, nikainua bodi kwa jeki upande mmoja baada ya mwingine, na penye kila bolti nikapachika kipande cha mninga chenye unene wa vidole vitatu, nilichokichemsha kwenye mafuta machafu ya injini kisioze. Bolti zikawa fupi, nikatafuta ndefu. Mpira wa rejeta haukufika. Fimbo ya gia ikazama sakafuni, nikaiunga. Usukani nao ukataka kupangwa upya. Kazi ya siku nne. Nilipomaliza, ukijumlisha bodi na matairi, gari lilikuwa limepanda upana wa kiganja changu, nami nikalizunguka mara tatu nikilitazama.

Nilikwenda Maneromango na kurudi bila kushika koleo. Nikajiona nimehitimu.

Mama mkwe wangu alikaa Kibuta, peke yake tangu mumewe afariki. Kwetu mkwe ni mkwe. Humgusi, hukai naye mkeka mmoja, humtazami usoni. Ukikutana naye njiani unampisha na kuinamisha kichwa. Baada ya shikamoo na marahaba, yote mengine yalipita kwa mke wangu, hata kama sote watatu tumekaa ua mmoja. "Mwambie mwenzio," angesema huku akitazama kuku, "nimesikia gari lake limeota miguu." Nami ningemgeukia mke wangu: "Mwambie mama, limeota kweli." Mama yule alikuwa na ulimi, na mimi nilimpenda, jambo ambalo sikuwa na njia ya kumwambia.

Msimu huo huo alijikata na jembe mguuni. Akapaka majani, akanyamaza. Tulipopata habari tulikwenda asubuhi ile ile. Tulimkuta barazani, mguu umefura hadi gotini na kung'aa, homa imempanda hata midomo imebabuka. Baadaye daktari alituambia kwamba tungekawia siku mbili zaidi, mguu ungekatwa, au mwenyewe tungemzika. Majirani wote walikuwa wamekwenda mazikoni kijiji cha pili. Tulikuwepo watatu: yeye, mke wangu mwenye mimba ya miezi minane, na mimi.

Nililisogeza gari hadi barazani, nikafungua mlango wa abiria. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kizingiti cha mlango kilimfika mapajani. Ili apande, ilimbidi asimame kwa mguu mbovu ainue mzima, au asimame kwa mzima ainue mbovu. Mke wangu akapindua kinu akanyage. Kikayumba, nusura waanguke wote wawili. Nikasema, kupitia kwa mke wangu, tumpakie na kitanda chake.

"Kitandani hubebwa maiti," akajibu. "Mwambie mimi bado."

Na hata angekubali, kitanda hicho ningekiinua na nani? Na mwanamke wa miezi minane?

Mikono iliyoinua gari zima ilishindwa kumwinua bibi mwembamba wa Kibuta. Niliwaza nimshike tu, liwalo na liwe. Nikapiga hatua moja. Akajifunika uso kwa kanga. Nikarudi nyuma. Najua vijana watasema ni ujinga, na wana haki ya kusema. Lakini homa ilikuwa imekwisha kumla kila kitu, imemwachia heshima yake peke yake. Kumvua na hiyo, kwa sababu ya gari nililoliinua kwa kujisifu, moyo wangu ulikataa.

Nikachukua jembe lake, lile lile lililomkata, nikachimba. Mashimo mawili marefu, moja la gurudumu la mbele la kushoto, moja la nyuma, yenye mteremko wa kuingilia na kutokea. Mchanga wa Kibuta unachimbika, lakini shimo la kumeza matairi yale si dogo. Nilichimba huku nikisikiliza pumzi zake, na safari hii sikutukana barabara wala serikali. Nilijitukana mwenyewe.

Nikaliingiza gari mashimoni. Likainama, kizingiti kikashuka chini ya goti lake. Akaegemea bega la mwanawe, akakaa ukingoni, akajivuta ndani mwenyewe.

"Mwambie mwenzio," alisema akihema, "fundi hupima na watu."

Mke wangu hakurudia. Hapakuwa na haja.

Tulifika hospitali ya Kisarawe adhuhuri, na hapo nikagundua kwamba sikuwa nimefikiria kushuka. Uwanja ulikuwa wa saruji. Mke wangu akaingia ndani kutafuta machela, akakawia. Tukabaki wawili. Kwa mara ya kwanza tangu nioe hapakuwa na mtu kati yetu. Nilisimama kando ya mlango wa gari nikitazama chini, nikimsikia meno yakigongana kwa baridi ya homa.

"Baba."

Nikageuka kuangalia anamwita nani.

"Baba, nipe mgongo."

Nikampa mgongo, nikainama. Akanishika mabega kwa viganja vya moto, akajilaza juu yangu. Nilimshika mguu mzima, ule mbovu nikauacha uning'inie. Hatukutazamana, hilo tulilitunza. Alikuwa mwepesi mno, na huo wepesi ndio ulionishinda. Nilitembea nikilia bila sauti, nikiomba asihisi mabega yangu yakitikisika.

Mlangoni alikaa dresa, yule mfunga vidonda, anaandikisha wagonjwa. Akauliza, bila kuinua kichwa, mgonjwa ni nani wangu.

"Mkwe wangu."

Akainua kichwa. Alikuwa mtu wa pande hizi hizi. Akamtazama bibi aliyenishika shingo, akanitazama mimi, akacheka.

"Acha mzaha, bwana. Mkwe gani anabebwa mgongoni? Naandika mama yako."

Nilifungua kinywa nimweleze. Pumzi ya moto ikanigusa sikio.

"Mwache," alisema mama mkwe wangu. "Aandike hivyo hivyo."